Klachi ya Kongwe

Tarehe 2 Machi

Binti yangu fundi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, mama yako anakohoa kidogo tu. Sijui wewe na wenzako wa gereji mnaendeleaje. Mimi roho haijatulia. Kongwe, trekta letu, amegoma. Kwenye tambarare anakwenda, lakini nikishusha plau na kukabili mwinuko, injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua inanifuata shamba zima. Jirani mwashi anasema ni gia. Mwashi na gia wapi na wapi. Mvua iko karibu na sijalima hata robo. Nitumie pleti mpya ya klachi upesi.

Baba yako

Tarehe 6 Machi

Shikamoo baba,

Pole na kazi, na mama mpe pole ya kikohozi. Huku hatujambo. Pleti situmi kwanza. Ile niliyokufungia ina msimu mmoja tu. Nikikubali imekwisha, nimekubali nilifunga vibaya. Simamisha Kongwe mahali tambarare, vuta breki, ingiza gia kubwa, achia klachi polepole. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Halafu chungulia kile kitundu kilicho chini ya klachi kama kinadondosha oili, maana pleti iliyolowa haishiki kitu. Mwisho bonyeza pedali kwa mkono. Ishuke vidole viwili bure kabla haijaanza kukaza.

Mwanao

Tarehe 12 Machi

Marahaba mwanangu,

Tu wazima, kikohozi kimekwisha. Injini haikuzimika, ilinguruma tu kana kwamba breki haipo. Kitundu kikavu. Pedali ndiyo iliyokaza tangu juu, haina nafasi hata ya kidole kimoja. Nikairekebisha fimbo yake, nikalima siku mbili raha mustarehe. Siku ya tatu tukarudi kule kule. Mawingu yameanza kufunga. Tuma pleti.

Baba yako

Tarehe 15 Machi

Shikamoo baba,

Natumaini hamjambo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Pleti haiishi hivyo yenyewe. Huisha hivyo dereva akipumzisha mguu juu ya pedali. Uzito mdogo tu, klachi haishiki sawasawa, inajisugua mpaka inakwisha. Usinikasirikie. Wewe ndiye uliyenichapa muundi nikijifunza kuendesha, ukaniambia pedali si kochi. Naomba mama atembee kando ya Kongwe, akuangalie mguu wa kushoto.

Mwanao

Tarehe 18 Machi

Nimeendesha trekta kabla hujazaliwa. Siweki mguu. Mama yako ana kazi zake, si za kunichunga. Kama hutaki kutuma pleti, sema.

Baba yako

Tarehe 30 Machi

Shikamoo baba,

Hujambo? Mama hajambo? Siku kumi na mbili zimepita, na barua yako ya mwisho haikuwa na salamu. Hujawahi kuniandikia bila salamu. Pleti nimenunua, iko mezani, ila sijui hata kama bado unaihitaji. Kila mlango ukigongwa natoka mbio. Kama nimekukosea adabu, nisamehe. Andika hata mstari mmoja.

Mwanao

Tarehe 4 Aprili

Marahaba mwanangu,

Pokea salamu, pamoja na zile nilizokunyima. Nilimkatalia mama yako, akaja vile vile. Alitembea kando ya Kongwe mistari miwili ya plau, kisha akaniambia nisimame. Akaniuliza, "Mguu wako uko wapi?" Nikamjibu uko chini. Akasema, "Hebu angalia."

Ulikuwa juu ya pedali. Mwanangu, sikuuweka na sikuusikia. Tulipovua buti tukakuta msumari umepenya soli mpaka kwenye nyama, na soksi imegandia kidonda. Sijui nilitembea nao siku ngapi. Daktari kasema ni ugonjwa wa sukari, umenitia ganzi miguuni taratibu, na tungechelewa kidogo mguu ungekatwa. Kidonda kinasafishwa kila siku, kinapona. Ila kuendesha ndiyo basi.

Uliujua mguu wangu ulipo kwa kusoma barua tu, nami nikakujibu kwa kiburi. Aibu ndiyo iliyonizuia kuandika.

Mvua imeanza. Njoo uifunge pleti, kisha panda wewe ulime. Ufunguo anao mama yako, nilimkabidhi jana. Msumari sikuusikia, lakini ule ufunguo nimeusikia ukitoka mkononi.

Baba yako