Kidonge Ndani ya Uji

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Jumatano haijafika. Mimi ni mama wa mtoto mmoja anayeanza kusimama dede, shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea maneno ya daktari unisamehe. Mume wangu ni fundi cherehani, anashona makoti na sare, ana miaka thelathini na sita, na miezi mitatu iliyopita mkasi ulimponyoka akikata kitambaa, mkono ukalegea, mdomo ukaenda upande, halafu baada ya nusu saa akawa mzima kama vile alikuwa anatutania. Hospitali wakasema ni kiharusi kidogo, kimepita, ila kinaweza kurudi kikiwa kikubwa. Wakapima damu, daktari akataja kitu, mimi nikasikia "homa ya sista, ini", nikampelekea mama mkwe habari hivyo hivyo, naye akapiga marufuku maini nyumbani na akamnunia wifi yangu wiki nzima akidhani ndiye aliyemwambukiza kaka yake. Baadaye nesi akaniandikia kwenye karatasi: homosisteini, iko juu.

Akapewa dawa. Zile za kuzuia damu isigande anameza. Lakini vidonge vya vitamini, vya njano na vyekundu, hataki, kwa sababu vile vya njano ndivyo nilivyokuwa napewa kliniki nikiwa na mimba. "Hivi si vya wajawazito? Sasa mimi nitajifungua lini?" Akakosea akawasimulia wenzake kazini, na tangu siku hiyo kila akiingia wanamwuliza, "Fundi, kliniki lini? Mtoto anacheza?" Akavitupa juu ya kabati.

Sasa nakwambia ambalo sijamwambia hata mama yangu. Kila asubuhi navisaga kwa mgongo wa kijiko, navikoroga kwenye uji wake. Anakunywa mpaka bakuli linang'aa, ananiambia, "Siku hizi uji wako una kitu, umeniwekea dawa ya mapenzi nini?" na mimi nageukia jiko asinione uso. Nguvu zimerudi, anapiga mluzi kwenye cherehani, na hiyo ndiyo shida yenyewe, maana juzi amesema, "Umeona? Nimepona bila vidonge vyenu vya wajawazito. Jumatano siendi kupimwa, na hizi nyingine zikiisha sichukui tena." Nikisema ukweli ataona kweli namwekea vitu kwenye chakula, na mama mkwe akilisikia hilo sijui nitakaa wapi. Nikinyamaza ataacha dawa zote kwa sababu yangu. Nampenda, mshauri. Nataka amshonee mwanetu sare ya shule kwa mkono wake mwenyewe. Nifanyeje?

Mke wa Fundi

* * *

Marahaba, mwanangu. Kwenye homa ya sista nilicheka; nilipofika kwenye uji nikaacha kucheka. Pole sana. Umefanya kwa mapenzi, lakini umekosea. Mtu mzima mwenye akili zake halishwi dawa bila kujua, hata ikiwa yake. Acha, kuanzia bakuli la kesho.

Nimemwuliza daktari, nami nakupa majibu kwa lugha ya nyumbani kwako. Mshipa wa damu una bitana, kama koti. Homosisteini kila mtu anayo kwenye damu. Wenye nayo nyingi wameonekana kupata zaidi damu kuganda, kiharusi na maradhi ya moyo, kana kwamba bitana inachakaa huku koti kwa nje linapendeza. Madaktari bado wanabishana kama yenyewe ndiyo inayochana au inakutwa tu palipochanika. Vitamini zile huishusha. Mjamzito anapewa kwa shughuli yake na fundi kwa yake, kama sindano moja inavyoshona gauni na suruali. Lakini kuishusha peke yake hakutoshi. Dawa ya kuzuia damu isigande asiiache bila daktari kusema, presha ipimwe, na kama anavuta sigara, aache kabisa. Kusema amepona kwa kuwa anapiga mluzi ni kukagua koti bila kuligeuza ndani. Yeye ni fundi, hilo atalielewa.

Mama mkwe mwambie ini halina kosa, na wifi pia. Maini, maharage na mboga za majani zisizochemshwa mpaka zikafa vina vitamini hizo hizo. Mrudishieni mtu chakula chake.

Sasa mwambie, na umwambie kabla ya Jumatano. Si mbele ya mama yake, si kazini kwake. Usianze na "usikasirike". Sema, "Ule uji ulikuwa na vidonge vyako. Niliogopa kukupoteza." Halafu nyamaza. Atafoka; mwache, ana haki ya kufoka. Akimaliza, weka vidonge kando ya bakuli, vizima, avione, na mkono utakaovichukua uwe wake. Jumatano nendeni wote, daktari aelezwe amevinywa vipi na tangu lini, la sivyo vipimo vitamdanganya na yeye.

Na wenzake wakiuliza tena kliniki lini, awajibu: "Jumatano. Mke wangu ananisindikiza."