Vijineno Alivyobaki Navyo Mama

Jumatatu, 4 Machi 1946
Nimemwosha Mama, nimemlisha uji, nimembadilisha kanga. Tangu apooze, maneno makubwa yote yamemtoka. Hata jina langu. Yamebaki vijineno tu: hebu, kumbe, mbona, basi, haya. Majirani hapa Timbwani wasema amerukwa na akili. Waongo. Uji ukiwa moto husema "mbona" na jicho hilo! Nikimpa habari za mtaa, "kumbe" yake yaja mahali pake. Twazungumza hivyo kutwa.

Jumatano, 6 Machi
Nimempelekea Salim salamu Changamwe. Ndugu yangu huyu alijitia uaskari bila kumuaga Mama, na tangu arudi kutoka vitani Mama hakumfungulia mlango. Mama akifa hajampa radhi, Salim ameangamia. Naogopa.

Ijumaa, 8 Machi
Amekuja baada ya sala. Akapiga magoti, akashika miguu ya Mama. "Mama, niwie radhi."

Mama akamtazama. "Mbona," akasema, machozi yamtoka. Kisha ule mkono usiopooza akamwekea kichwani, akampapasa. "Basi. Haya, haya." Ndivyo alivyotubembeleza utotoni tukianguka. Nililia.

Salim hakutosheka. "Atamke. Aseme nimekuwia radhi."

Nikamwambia ameshasema. Akaniona mjinga: radhi gani hiyo ya haya haya? Akaondoka, ati aenda kumuuliza mwalimu wake wa dini kama yatosha. Nina hasira. Kapewa, kakataa.

Jumamosi, 9 Machi
Salim hakuja. Mama autazama mlango. "Hebu," asema. "Hebu." Nimeuacha mlango wazi.

Jumapili, 10 Machi
Mama amefariki alfajiri. Inna lillahi. Salim alifika maiti ishaoshwa.

Ijumaa, 15 Machi
Matanga yamekwisha, watu wamekwenda zao. Salim bado yuko hapa, hali wala hanywi. Leo ameniuliza tena kama Mama alitamka mwishowe. Nimechoka kumweleza ule mkono, na haya haya. Nikasema naam, alitamka waziwazi: nimemwia radhi mwanangu Salim. Mungu anisamehe.

Akala. Sasa amelala ukumbini. Nimekunja kanga za Mama, nimezitia sandukuni. Radhi yake Mama alimpa kwa mkono wake, naye ataishi kwa uwongo wangu.