Wanaosikia Watu Wote

Kasingirima, Ujiji
9 Februari 1997

Mwanangu Yusra,

Assalaam alaykum. Mimi mzima. Kifua kinanibana kidogo asubuhi ukungu ukipanda kutoka ziwani, halafu jua likitoka nasahau. Shangazi yako Mwasiti anakusalimu, anauliza kama chakula cha hapo chuoni umekizoea au bado unakonda.

Huku wageni wanazidi kuvuka kutoka Kongo. Yule mama wa Uvira, Veneranda, bado tuko naye, analala na shangazi yako chumba cha uani. Anasema kidogo, anafagia sana.

Sasa nikuchekeshe. Watu wa usalama wamebandika tangazo sokoni: ukiona mgeni usiyemjua, piga namba hii. Swaibu ana simu dukani. Juzi nikaipiga. Nikasema, "Nimeona wageni, wamevuka ziwa alfajiri bila kibali. Wote wamevaa nyeupe."

"Wangapi, mzee?"

"Hawahesabiki. Wamekaa juu ya bati la ghala la dagaa."

"Wanazungumza lugha gani?"

"Sijui, mwanangu. Ni ndege, yangeyange."

Duka zima liliangua kicheko. Toka hapo mji umepata mchezo. Fundi Martini amewapigia kuwauliza mkewe humsema nini akiwa hayupo, maana wao husikia yote. Zamani tukiwataja watu hao tulishusha sauti hata vyumbani mwetu. Sasa tunawacheka mchana kweupe, na moyo unakuwa mwepesi kama mtu aliyeota anaelea juu ya maji.

Soma kwa bidii.

Baba yako,
Hamdani


Tabora
23 Februari 1997

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, homa ilinipitia siku mbili ikaondoka. Chakula nimekizoea, mwambie shangazi.

Barua yako niliwasomea wenzangu wa bwenini, wakacheka mpaka machozi. Mmoja tu hakucheka. Kaka yake alisema neno la mzaha kilabuni, wakaja kumchukua, na mpaka leo nyumbani kwao sahani yake wanaiosha na kuirudisha kabatini.

Usiku ule nikaota simu inalia chini ya ziwa, na wewe unavua viatu uende kuipokea. Baba, acha. Wewe watakukemea wakuache, una ndevu nyeupe. Lakini Veneranda hana kibali cha kukaa mjini. Wakija kwa ajili yako watamkuta yeye.

Mwanao,
Yusra


Ujiji
16 Machi 1997

Mwanangu Yusra,

Marahaba. Nashukuru homa imekuacha. Mimi kifua ni kilekile.

Barua yako imenikuta nimeshaacha. Siku tuliyokuwa tunacheka kwa Swaibu, Veneranda alikuwa mlangoni, amekuja kununua chumvi. Njiani akaniuliza, "Papa, ni kweli bale banasikia batu bote?" Nikamjibu kwa mzaha kwamba ndiyo, mpaka ng'ambo ya ziwa.

Kesho yake akaniomba nimpigie namba ile. Nilidhani na yeye anataka kucheka, nikafurahi. Nikazungusha, nikampa mkono wa simu. Akaushika kwa mikono miwili.

"Bwana yangu anaitwa Oswald," akasema. "Tulipotezana mu ziwa. Ukungu ulituingia, mitumbwi ikaachana. Nilimusikia anaita, kisha sikumusikia tena. Ninyi munasikia batu bote. Mulimusikia?"

Hakuna aliyecheka, Yusra. Hata Swaibu alikaa na kipimo cha mchele hewani. Kwa mbali tukasikia sauti ya yule kijana anayepokea namba ile ikisema, "Subiri, mama, nichukue kalamu." Akamwuliza majina, umri, walitokea kijiji gani. Kisha akamwuliza anakaa wapi. Veneranda akamwelekeza mpaka mlango wetu wa kijani.

Nilinyoosha mkono nikate, nikashindwa. Ungeuona uso wake. Alikuwa kama mtu anayesimuliwa jambo jema.

Tangu siku hiyo anakaa kizingitini amevaa kitenge chake kizuri. Nimemwambia aende kwa jamaa zetu wa Kalinzi, amekataa. Anasema wakija na jibu watamkosa.

Baba yako,
Hamdani


Tabora
11 Mei 1997

Baba,

Shikamoo. Ni barua ya tatu hii bila jibu. Treni zinafika, nawauliza wasafiri wa Kigoma, kila mmoja ananiambia hajui halafu anaangalia pembeni. Kama huwezi kuandika, shangazi amwombe mtu aniandikie, hata neno moja.

Mwanao,
Yusra


Ujiji
8 Juni 1997

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Niko hai, niko nyumbani. Nisamehe kwa ukimya. Kila nikishika kalamu nilikuwa sijui niandike kwamba Veneranda amesaidiwa au ametekwa.

Watu wa usalama walikuja asubuhi, wawili, na gari. Nikajitokeza mbele nikasema, "Ni mimi niliyewapigia habari za ndege." Yule kijana, mwembamba, mpole, akasema, "Tunajua, mzee. Kaa." Ilikuwa sauti ileile ya simuni. Kisha akamgeukia Veneranda: "Kuna Oswald kambini." Veneranda hakurudi hata kuchukua viatu. Alikimbilia gari huku shangazi yako akilia.

Mtaani wakasema nimemuuza. Swaibu akafungia simu yake chumba cha ndani. Sasa hata tangazo la sokoni watu hulipita kimya, macho chini.

Juma lililopita nikaenda kambini, mbele ya Uvinza. Nimemkuta anapepea moto. Kwenye mkeka palilala mzee mkongwe kuliko mimi.

"Ni huyu Oswald, Papa," akasema. "Waliita jina, huyu akaitika. Si wangu."

Ni mzee wa Fizi, wanawe wote walipotea njiani. Kila asubuhi mzee humwuliza kama yeye ndiye mkwe wake, na Veneranda humjibu ndiyo. Nikamwambia nitamwombea kibali arudi kwetu. Akaangalia mkeka. "Nikienda, nani atamuitikia?"

Niliporudi nilimbembeleza Swaibu mpaka akafungua chumba. Nikapiga namba ile. Akapokea yuleyule.

"Siyo yeye," nikamwambia.

"Nilimtafuta sana, mzee," akasema. "Kambi zote."

Nilingoja aniulize jina, aniulize niko wapi. Hakuuliza. Basi nikataka kuweka simu chini.

"Usikate," akasema. "Kaa kidogo."

Nikakaa juu ya gunia, simu sikioni. Tulikaa hivyo, nikisikia anavyopumua.

Baba yako,
Hamdani