Swali Nililoshindwa Kumuuliza Mchumba wa Dada

Kwako Shangazi Ubah,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na majina yetu tafadhali uyabadilishe yote. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule kiangazi hiki na Septemba nitaanza chuo kikuu pale Selly Oak. Tunaishi Sparkbrook, Mama, dada yangu Fosia na mimi, tulihama Garissa nikiwa mdogo baada ya Baba kufariki. Dada ni muuguzi, ana miaka ishirini na tisa, na amekuwa akitafuta mume Mwislamu kwa muda mrefu, jambo ambalo mtu wa mbali angedhani ni rahisi hapa Birmingham, kwa kuwa Ijumaa mchana mtaa wetu hujaa Waislamu wa kila nchi, lakini ukikaribia unakuta huyu wazazi wake wanataka wa kabila lao tu, huyu hataki mke wa zamu za usiku, na yule wa mwaka jana, ambaye sote tulimpenda, alikuwa hajamwambia mama yake, na mama yake alipojua kwamba mchumba ni Msomali mambo yote yakakatizwa kwa ujumbe wa simu, na Dada akaenda kazini siku ile ile macho mekundu.

Sasa kuna Azizi. Walikutana kwenye kikao cha kutambulishana msikitini, wanawake upande huu, wanaume upande ule, kila mtu na jina lake limebandikwa kifuani, na Dada akamuuliza anatoka wapi, akajibu, "Northfield." Dada akasema, "Na kabla ya Northfield?" Akasema, "Selly Oak." Dada akasema, "Kaka, mimi nimetoka kazini nimechoka, kabla ya hapo?" Ndipo akacheka akasema, "Tanga, dada yangu, usinipige." Ni fundi wa lifti, na Dada alirudi nyumbani akituigizia mazungumzo hayo jikoni mpaka chai ikamwagika kwenye jiko.

Kwa kuwa hawawezi kukaa wawili peke yao, na hatuna kaka, mimi ndiye ninayekwenda nao. Tunakutana kwenye mkahawa mmoja wa aiskrimu na keki, wao meza yao na mimi meza ya pembeni, karibu kiasi cha kusikia. Dada huniagizia, kama anavyoniagizia kila mahali tangu utotoni, maana mimi nikisimama mbele ya mtu nisiyemjua sauti inapotea. Nimewatazama mara tatu sasa na nimefurahi, Shangazi, sijui niseme vipi. Azizi humshukuru yule anayepangusa meza. Dada akieleza habari za wodi yake, hatazami simu. Siku moja chai yangu ilipoa nikaogopa kuomba nyingine, na yeye akamwambia mhudumu aniletee bila hata kugeuka kunitazama, ili nisione aibu.

Tatizo ni swali la Mama. Kabla ya mkutano wa kwanza Mama aliniita chumbani akaniambia, "Muulize kama mama yake anajua kuwa huyu ni Msomali, na alisema nini. Uliza wewe. Kwa mchumba wake amejitayarisha, kwa mdogo mtu hatakuwa amejitayarisha." Nikasema sawa. Mkutano wa kwanza sikuuliza, wa pili nikafika mpaka kwenye meza yao nikachukua chumvi nikarudi nayo, na keki hailiwi kwa chumvi, na wa tatu Azizi mwenyewe akageuka akaniambia, "Shemeji, mbona kimya hivyo? Huna swali lolote kwangu?" Nikasema, "Hapana, asante."

Jumapili hii baba mdogo Abdullahi, ambaye ndiye walii wa kumwozesha Dada, atapiga simu kutoka Leicester kutoa jibu la familia. Mama amemwambia kwamba yeye kama mama hatakubali wala kukataa mpaka asikie kutoka kwangu. Jumamosi ndiyo mara ya mwisho ninakaa nao. Nina hakika Azizi amemwambia mama yake, kwa jinsi alivyo. Je, ni vibaya nikimwambia Mama kwamba niliuliza na akajibu vizuri? Au nimwombe Dada aulize? Au nimtumie Azizi ujumbe? Nataka Dada aolewe, nasema kweli, hata kama atahamia Northfield na nyumbani tutabaki Mama na mimi, na sijui nani atakuwa ananisemea.

Mdogo Mtu,
Sparkbrook

*

Mdogo Mtu,

Majina nimeyabadilisha, lakini mama aliyetunga swali kama lile atajitambua kabla hajafika nusu ya barua. Kwa hiyo fanya haraka.

Kwanza nikupongeze. Wengi wakipelekwa kukaa na wachumba hutazama simu zao na kula keki. Wewe umetazama watu. Aliyeona mtu akishukuru mpangusa meza anafaa kuwa shahidi.

Sasa nikugombeze kidogo. Unaniuliza kama unaweza kumwambia mama yako jibu ambalo hukulisikia. Hapana. Hakika uliyo nayo wewe leo, dada yako alikuwa nayo mwaka jana kwa yule mwingine, tena kubwa zaidi. Mama yako hakukutuma kwa sababu hakuna mwingine. Amekutuma kwa sababu hataki kumwona binti yake akienda tena kazini macho mekundu. Ukimpa jibu la kubuni, ukakosea, utakuwa umemfanyia Fosia kile kile alichofanyiwa.

Dada asiulize. Ujumbe usiandike. Mtu akiandika jibu hulipanga kwanza, na mama yako anataka lile lisilopangwa.

Na lingine nitakuambia kwa upole. Aibu unayo, sikatai. Lakini Azizi alikufungulia mlango mwenyewe, akauliza kama una swali, ukaufunga kwa heshima ukasema asante. Hiyo haikuwa aibu tu. Unaogopa jibu likiwa zuri, dada yako ataondoka. Hilo si dhambi, mwanangu. Kumpenda mtu na kutotaka aondoke ni vitu vinavyokaa nyumba moja. Ila usiviache vikae kimya badala yako mpaka Jumapili.

Tena umeitaja Northfield kana kwamba iko ng'ambo. Wewe Septemba unaanza chuo Selly Oak. Umewahi kuangalia ramani ya treni? Ni reli moja, vituo vichache tu mbele. Masomo yakiisha jioni utakuwa karibu na jiko la dada yako kuliko la mama yako, na mimi ningekuwa Azizi ningeanza kununua maziwa zaidi.

Jumamosi fanya hivi. Mwambie Fosia mapema, nyumbani, kwamba Mama amekupa swali na utaliuliza mbele yake. Asishtukizwe, maana anayeolewa ni yeye. Usimwambie ni swali gani, asije akamtayarisha Azizi. Mkifika, usikae meza ya pembeni, kaa yao. Sema, "Shemeji, juzi nilikosea, swali ninalo." Kisha uliza kama Mama alivyokupa, maneno yake, usiyapunguze. Akijibu vizuri, yapeleke nyumbani kama alivyoyasema. Akisema bado hajamwambia mama yake, usimhukumu wala usimtetee. Yapeleke vile vile, na Fosia aamue kama atamsubiri amwambie.

Lakini sauti inayotaka kuuliza swali zito haiamki ghafla. Iamshe mapema. Mhudumu akija, mzuie dada yako kwa mkono, na chai uiagize wewe.

Shangazi Ubah