Kisima cha Kilomita 166

Nyumba ya wageni, lango la tatu la hifadhi
Jumanne asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umekupa nafuu, na yule paka wa jirani ameacha kulala juu ya cherehani yako. Mimi sijambo, ila pua imebabuka kwa jua na midomo imepasuka hata kucheka ni kazi. Najua anayekusomea ni Kaka, kama anavyokusomea barua zote tangu macho yako yafifie. Nawe Kaka, shikamoo. Kaa vizuri kwenye kiti, kunywa maji kwanza. Barua ni ndefu.

Mama, karatasi ziko nne. Zihesabu kwa vidole kabla hajaanza. Nimekunja pembe ya kila moja. Akimaliza moja akukabidhi mkononi ndipo aanze nyingine. Usiniulize kwa nini. Mimi ni fundi, na fundi akifungua injini hupanga nati zake kwa mstari ili asije akafunga halafu akajikuta na moja mfukoni.

Nilipokuaga nilisema naenda kutafuta vipuri. Nisamehe, nilikudanganya. Nimeendesha pikapu ya Baba peke yangu siku sita, kwenye njia ile ile iliyomuua miaka minne iliyopita. Ndiyo njia ambayo Kaka aliipita peke yake miaka minne kabla ya hapo, akarudi na ndevu, ngozi nyeusi tii na ramani aliyoichora kwa mkono wake, mtaa mzima ukamwita Msafiri. Unakumbuka watoto walivyokuwa wakijipanga barazani kumwuliza kuhusu kile kisima cha katikati ya jangwa, na maji yake yana ladha gani. Alikuwa akijibu vilevile kila mara, kwamba ni matamu, ila yana chumvi kidogo mwishoni. Baba alikuwa akilisikiliza jibu hilo kana kwamba ndiyo kwanza analisikia. Dereva wa lori miaka thelathini na nne, hajawahi kumsifu mtu kwa kuendesha gari, akamsifu mwanawe.

Mwanzoni hifadhi ni nzuri, Mama, sitaki nikunyime hilo. Nyasi ni fupi, swala wamejaa hadi unachoka kuwatazama, na mbuni mmoja alikimbia ubavuni mwa gari muda mrefu, amenuna, kama mke aliyeamua kurudi kwao. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Baada ya hapo nyasi zinaanza kukatika, kisha miiba, kisha hakuna kitu. Mchana usukani unachoma viganja. Nililala ndani ya gari vioo vimefungwa kwa sababu ya mchanga, na alfajiri nilikuwa nikiusafisha kwenye chujio la hewa kwa mswaki wako wa zamani. Usiutafute tena.

Sasa nikwambie kilichonipeleka. Mwezi uliopita niliamua kuifufua pikapu, maana tangu iletwe juu ya lori ilikuwa inaota kutu uani. Baba alikuwa na desturi yake, wewe unaijua kuliko mimi: kila akianza kipande kipya cha safari hubonyeza kile kihesabu kidogo cha kilomita kirudi sifuri. Nilipofuta vumbi kwenye dashibodi nilikikuta kinasoma 166. Nikaenda kuitazama ramani ya Kaka, ile aliyoirudisha sebuleni kwenye fremu. Kutoka lango la pili hadi kisimani, kwa mwandiko wake mwenyewe, ni kilomita 166. Namba ni ile ile, Mama. Miaka minne tumeambiwa Baba alipotea.

Katika kila lango kuna daftari kubwa. Dereva huandika jina, namba ya gari, anakokwenda na maji aliyobeba. Madaftari ya zamani hayatupwi, yamepangwa kwenye rafu, na askari wa lango la pili ni mtu mzima, amekaa pale miaka ishirini na miwili na mikono yake inajua kila daftari lilipo. Nilimwomba anitafutie la miaka minane iliyopita. Tulisoma maandishi ya miezi mitatu, mstari kwa mstari. Jina la Kaka halipo. Kwenye daftari la lango la kwanza lipo, kwenye la pili halipo, na hapa la tatu nimetafuta jana mchana kutwa, halipo.

La Baba tulilipata mara moja. Mwandiko wake umenyooka juu ya mstari, hakuna herufi iliyoanguka. Kwenye nafasi ya maji ameandika: madebe mawili, nitajaza kisimani. Askari aliniambia kwamba siku hiyo alimwuliza kisima gani, maana yeye hajui kisima huko. Baba akamcheka, akamwambia huenda hujafika mbali, mwanangu ameyanywa maji yake, ni matamu, yana chumvi kidogo mwishoni.

Mama, nilikwenda hadi hapo. Nilibonyeza sifuri langoni, nikapita majabali mawili kama ramani inavyosema, nikasimama kwenye 166. Hakuna kisima, hakuna hata dalili kwamba kiliwahi kuwepo. Kuna mashimo matatu. Mchanga umeyajaza nusu, lakini moja bado linanifika kiunoni. Askari alikuwa miongoni mwa waliomkuta Baba, na ndiye aliyenieleza. Bomba la rejeta lilipasuka karibu na hapo, Baba akalifunga kwa raba, akaipa gari debe zima la maji kwa kuwa kisima kiko hatua mbili mbele. Alipofika na kukuta mchanga mtupu hakusema nimedanganywa. Alichukua koleo akachimba. Alidhani upepo umekifukia, na bila maji mapya gari isingerudi. Alichimba pa kwanza, akasogea akachimba pa pili, akasogea akachimba pa tatu, na debe la mwisho likaishia kwenye jasho. Angekaa tu kivulini, asema askari, gari la doria lilipita siku ya tano.

Kaka, aya hii ni yako, hata usipoisoma kwa sauti si neno. Nakala ya barua hii nimeituma kwa mwalimu mstaafu wa jirani. Ijumaa saa kumi atakuja kunywa chai na kumsomea Mama upya, tangu shikamoo hadi sahihi. Unamjua, mtu wa hesabu, hasamehi hata nukta. Kwa hiyo soma kama ilivyoandikwa.

Mama, aliyekwenda kuuchukua mwili wa Baba ni Kaka. Askari anamkumbuka. Alisimama kando ya mashimo yale, akauliza kama kuna mtu mwingine wa familia aliyeelezwa, akajibiwa hakuna. Kisha akarudi nyumbani, akakaa mbele yako, akakwambia Baba alipotea kwa sababu hakuwa na miwani. Angekuwa na miwani, alisema, angeiona alama kwenye ramani. Nawe ukakumbuka kwamba miwani ulikuwa umeiweka kwenye droo ya cherehani ukasahau kumpa. Miaka minne umekuwa ukiifungua droo hiyo na kulia, naye anakuona. Hata macho yako ulisema yamekufa kwa haki, ni adhabu ya miwani ile.

Sikiliza, Mama. Baba alikuwa na miwani ile ya akiba, yenye mkono mmoja uliofungwa kwa utepe wa umeme. Askari alimwona ameivaa akiandika kwenye daftari. Hukufanya kosa lolote. Baba hakupotea hata kilomita moja. Alifika pale pale alipoelekezwa na mtoto wake.

Sasa zamu yangu, kwa kuwa mzazi hagawi aibu kwa mtoto mmoja akamwacha mwingine. Miaka minane iliyopita nilikuwa najifunza ufundi kwenye ule mji wa lango la kwanza. Siku ya pili ya safari yake Kaka alirudi kutoka hifadhini, amegeuza gari. Aliona ile nchi inavyoisha akaogopa. Kuogopa si dhambi, hata mimi niliogopa. Lakini alishaaga mtaa mzima. Nilimficha wiki tatu kwenye chumba cha nyuma ya gereji. Alifuga ndevu, alikaa juani kila mchana, na jioni alichora ramani mezani kwangu. Mimi ndiye niliyeipulizia gari yake vumbi kwa pampu ya gereji, hadi ndani ya milango, tukacheka hadi tukashika mbavu.

Kisima alikitia mwishoni. Alisema safari bila kisima haina utamu.

Asubuhi ile Baba alipoondoka nilikuwa nimechuchumaa nakaza nati za magurudumu. Ramani ilikuwa imetandazwa juu ya boneti, naye anaipitishia kidole. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Tulitazamana, Mama. Nilijiambia atajaza maji ya kutosha, mtu mzima haendi jangwani na madebe mawili. Huo ni uongo wa kujifariji. Ukweli ni kwamba sikutaka Baba ajue nani aliipuliza gari vumbi. Niliona heri aende. Sikuambii ili unihurumie, na sitaki nihurumiwe.

Sirudi nyumbani kwa sasa. Askari wa lango la pili ananihitaji kutengeneza magari ya doria, nami nimekubali. Kazi ya kwanza nitakayofanya ni kuchomeka nguzo kwenye kilomita 166 na kuandika kwamba hapa hakuna maji.

Nisalimie mwalimu, nisalimie majirani wote wanaoniulizia, hata yule mwenye paka. Karatasi nne ziwe mapajani mwako sasa. Usimgombeze Kaka, Mama, wala usilie mbele yake. Muulize tu, kwa upole, kama walivyomwuliza watoto barazani, yale maji yalikuwa na ladha gani. Kisha umngoje ajibu.

Ni mimi binti yako,
Fundi