Mkono wa Baba Mdogo Kebba

Kwa akina Colley,
Bwiam, Foni,
Gambia.
17 Februari 2019.

Mpendwa mdogo wangu Landing,

Salamu nyingi zikufikie huko Mataró, Ulaya, wewe na mkeo Isatou. Baridi imewaacha salama? Mimba yake inaendeleaje? Sisi tu wazima, na safari hii nasema hivyo nikiwa na karatasi za maabara mkononi.

Baada ya arobaini ya kaka yetu Buba niliwaambia watu wa nyumba hii sitaki tena kusikia habari za mchawi. Daktari alisema ni homa ya ini, aina ya B, iliyomla miaka mingi kimyakimya. Buba alibeba magunia ya karanga hadi mwezi ule macho yalipogeuka manjano na tumbo likajaa maji. Nikaamua sote tukapimwe.

Aliyenishinda ni Baba Mdogo Kebba. Alisema atazikwa na damu yake yote. Sikubishana naye. Nilimwita mtani wetu Waly Faye, yule Mserer wa maabara, naye akaja kuketi mkekani bila kukaribishwa.

"Kebba, mtumwa wangu, nani kakuruhusu kuugua?"

"Siumwi. Na mtumwa ni wewe, mdoezi wa wali wa watu."

"Kama huumwi, lete mkono. Au siku hizi Wajola mnaogopa sindano?"

Mtani hakataliwi, unajua. Mzee alitoa mkono huku akimtukana, na mimi nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mimi sina virusi, nimeanza chanjo. Baba Mdogo anavyo, na vipimo vyake vya ini vilikuwa juu sana. Faye alimweleza kwamba ini likiumia huvujisha vitu vyake kwenye damu, kama mtungi wenye ufa, na vitu hivyo ndivyo wanavyopima. Sasa anameza kidonge kila siku. Mwezi uliopita vipimo vilikaribia kawaida, na amerudi kusuka uzio wa bustani yake, akimgombeza kila apitaye.

Zile karanga zenye ukungu tulizokuwa tukibakiza kwa mchuzi wetu baada ya kuuza nzuri, tunazitupa. Nazo huharibu ini.

Sasa wewe. Kwenye simu uliniambia hujisikii vibaya. Hata Buba hakujisikia vibaya. Kapimwe, na Isatou apimwe kabla hajajifungua, na mtoto achanjwe siku ileile atakayozaliwa. Ukikutwa navyo, dawa ipo, nimeiona kwa macho yangu ikifanya kazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sina nia ya kuzika mdogo wangu.

Baba Mdogo anakusalimu, na Faye pia, kwa matusi nisiyoweza kuyaandika.

Mama hajui kama ninakuandikia haya. Naye anavyo virusi, ingawa ini lake ni zima. Alipoambiwa kwamba mara nyingi mama humwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, alianza kujilaumu. Nimemwambia hakujua, lakini hanisikii. Kila asubuhi ananiuliza, "Na huyu wa Ulaya, nilimpa?" Jibu, Landing, unalo wewe. Liwe lolote, mpigie umwambie kwa sauti yako.

Mungu akulindie nyumba yako na huyo ajaye.

Dada yako akupendaye, anayejua utakwenda kupimwa,
Nyima