Mkia wa Nyangumi Kwenye Kaburi la Baba

Naitiri,
S.L.P. 61,
Bungoma.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Kizito,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi Ciru na mtoto mko salama huko Halifax, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona. Sisi ni wazima wa mwili. Mahindi yamekauka shambani na tunavuna wiki ijayo, mvua ikitupa nafasi.

Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei, na jumbe zangu unazisoma halafu unanyamaza. Barua angalau huwezi kuikata katikati.

Nianze na lile jiwe. Tangu uhamie karibu na bahari, kila kitu kwako ni mkia wa nyangumi. Ulinitumia mkufu wenye mkia wa nyangumi, ukamtumia Mama kitu cha kutundikia nguo ukutani, nacho mkia wa nyangumi. Hatukulalamika. Lakini ulipomwagiza Nilesh, yule mwenye yadi ya mawe pale Kitale, achonge jiwe la kaburi la Baba kwa umbo hilo hilo, mabawa mawili yametanda huku na huku, ungeniuliza kwanza. Nyangumi sisi tunamjua kwa habari za Yona tu. Siku hizi mafundi wa Nilesh wanaliita "mkia wa nyangumi" kwa raha zao, utadhani wamezaliwa pwani.

Siku ya kuweka msalaba kaburini, safari hii jiwe lako, Jumamosi ile ya Agosti, watu walijaa boma. Lori lilileta jiwe asubuhi likiwa limefungwa magunia, nikatia sahihi bila kufungua. Hilo ni kosa langu na ninalijutia. Tulilisimamisha, tukalifunika shuka nyeupe, na baada ya maombi Mama akaitwa alifunue, kwa kuwa yeye ndiye mjane.

Akavuta shuka. Bawa la kushoto lilikuwa na jina la Baba na miaka yake. La kulia liliandikwa RAHAB NANJALA, 1951, kistari, halafu nafasi tupu.

Unajua Mama husoma vizuri. Alisoma mara mbili, kidole kikifuata herufi. Kisha akatugeukia.

"Sasa mimi mnanizika lini? Si mngeniambia nijiandae, bana."

Hakuna aliyecheka. Mama aliingia ndani, akafunga nguo zake kwenye leso, akaenda kwa mjomba Wasike kule Kibabii. Chakula cha wageni kilikuwa hata hakijapakuliwa.

Jumatatu nilimwendea Nilesh nikiwa na hasira ya kuvunja vioo. Akatoa simu akanionyesha mlivyoandikiana.

"Dada, mimi niliuliza huyu, mama iko hai ama? Nikauliza tena. Akasema andika tu, hiyo mkia ni ya watu wawili."

Nilimwomba maji ya kunywa nikarudi nyumbani.

Siku ya mwisho uliyopokea simu uliniambia ati huko Canada mume na mke huandikwa pamoja hata mmoja akiwa bado anaishi, na ni ishara ya mapenzi. Kizito, wewe umezaliwa hapa. Umesahau Baba alivyokuchapa siku ulipompima Mama kwa kamba akiwa amelala, kama maiti anayepimiwa jeneza, ukisema unacheza?

Sokoni Kibabii kuna mtu alimwuliza Mama kama amefufuka. Alidhani anachekesha. Mama aliacha kikapu palepale, na tangu hapo hatoki nje ya boma la mjomba. Ugali hagusi. Ni chai tu, na hata hiyo anabembelezwa.

Nilesh amejitolea kuja na mashine alikwangue lile jina litoke. Mimi mwenyewe nilishika nyundo siku moja, nikasimama mbele ya jiwe. Mama alipopata habari alitukataza sote wawili. Anasema jina lake limeandikwa na mwanawe wa kwanza, na mwanawe wa kwanza ndiye atakayelifuta kwa mkono wake, mbele ya watu wale wale. Kabla ya hapo haingii nyumbani kwake.

Hukuja kumzika Baba, tukawaambia watu ni makaratasi ya ukaazi. Sasa makaratasi unayo. Nimekukasirikia, kaka, na sitajifanya. Lakini zaidi ninaogopa. Lile jiwe limebakiza tarehe ya kufa tu, na mama yetu anakonda.

Mjomba Wasike anakusalimu, na wanangu pia. Nilesh anakusalimu kwa aibu. Mungu awalinde nyote watatu, na akufungulie njia ya kuja upesi.

Nilimwuliza Mama kama ana salamu za kukutumia. Nikamwuliza tena nikiwa mlangoni. Hakutuma.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata na hasira hizi,
Edinah